Bodi ya Printa ya Mabango na Umeme wa Mwanza: Tathmini ya Karakana Moja ya Kirumba

Nina duka la steshenari Nyegezi, na sehemu kubwa ya kipato chake hutokana na printa ya mabango. Ndani ya mwaka mmoja bodi kuu ya printa hiyo, yaani kibao chenye saketi zinazoiendesha, iliungua mara mbili, na mara zote mbili fundi niliyemwita alibadilisha transista (swichi ndogo ya kielektroniki) iliyoungua, akapokea malipo yake na kuondoka, bila yeyote kati yetu kuuliza ni nini kilichoiunguza. Ilipoungua mara ya tatu nilielekezwa kwenye karakana ndogo ya vifaa vya kielektroniki iliyoko Kirumba. Naandika tathmini hii baada ya miezi saba ya kuitumia mashine tangu itoke mikononi mwao, mvua za vuli zikiwemo, kwa sababu kazi ya kuzuia mruko wa volti, yaani volti kupanda ghafla, haipimwi kwa wiki moja ya umeme uliotulia.

Kilichonipa imani mapema ni kwamba fundi hakukubali kuishika bodi kabla hajafika dukani. "Mama, bodi nitaiona tu," alisema, "naomba kwanza nione soketi inayoilisha." Alipima kwa multimita na kupata volti 228 kati ya waya wa moto na nyutro, jambo la kawaida kwa umeme wetu wa volti 230, lakini alipopima kati ya nyutro na fremu ya chuma ya printa, zilionekana volti zaidi ya 100 mahali ambapo palipaswa kuwa karibu na sifuri. Alinieleza kwamba ndani ya pawasaplai zimo kapasita (vipuri vya kuhifadhi chaji) ndogo za kuchuja kelele za umeme, yaani mitikisiko isiyotakiwa kwenye nyaya, zilizoungwa kutoka waya wa moto na nyutro kwenda kwenye ethi, waya unaopeleka umeme ardhini, na kwamba ethi isipofika ardhini, chuma cha mashine huelea kwenye takriban nusu ya volti za ukutani. Mkondo wake ni mdogo, ndiyo maana kijana wangu wa dukani alihisi mtekenyo tu kila alipoigusa reli, lakini mkondo huo huo, ukikosa njia ya kwenda ardhini, hupita kwenye bodi na waya wa USB hadi kwenye kompyuta. Kwa mwaka mzima tulikuwa tumeuzoea mtekenyo ule bila kujua kwamba ulikuwa ukitueleza ugonjwa wa mashine.

Kazi ya ethi hawakuifanya wao. Walisema wazi kwamba hiyo ni kazi ya fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, nami nawapa heshima kwa hilo, kwani wangeweza kuchimba shimo lolote na kunidai fedha. Wenye majengo ya mlimani wanajua ugumu wake: Mwanza ni mji wa mawe, na nondo ya ethi mara nyingi hugonga mwamba kabla haijazama nusu. Kwetu ilibidi nondo mbili zipelekwe upande wa bondeni, penye udongo mzito unaokaa na unyevu, kisha ziunganishwe kwa waya mmoja wa shaba.

Baada ya hapo ndipo walipoigusa mashine. Jirani yangu huuza sato na sangara, ana mafriza matatu, na kila kompresa inapozima, koili yake hurusha volti za ghafla kwenye laini tunayoitumia sote. Umeme unapokatika na kurudi, hali huwa mbaya zaidi. Kwenye mlango wa umeme wa printa walikuta varista ya zamani, kipuri kinachomeza volti za ghafla, imepasuka, wakaweka mpya yenye alama 431, yaani 43 na sifuri moja, volti 430, inayofaa kwa umeme wa ukutani wa hadi volti 275, na mbele yake wakaweka fyuzi ili varista ikichoka isiwake moto. Varista huchakaa kwa kila pigo inalolipokea, kwa hiyo walinitaka niirudishe kukaguliwa kila mwaka.

Chanzo kikubwa, hata hivyo, kilikuwa ndani ya mashine yenyewe. Pampu ya wino huendeshwa kwa koili, na mkondo wa koili haukubali kukatwa ghafla: transista inapoufunga, volti hupanda hadi ipatikane njia ya kutokea. Dayodi, kipuri kinachopitisha umeme upande mmoja tu, iliyopaswa kuupa mkondo huo njia ya kurudi ilikuwa imekufa, na hakuna aliyeikagua katika matengenezo yote mawili ya awali, ndipo kila transista mpya ilipoangamia kwa sababu ile ile iliyoiua iliyotangulia. Dayodi ya bei ndogo sana ndiyo iliyonigharimu bodi mara tatu. Waliiweka nyingine, wakaongeza kapasita kubwa kwenye laini ya volti 24 karibu kabisa na viendesha mota, wakieleza kwamba kapasita ikiwekwa mbali, waya wenyewe huwa sehemu ya tatizo.

Kwa upande wa kelele za umeme, picha zangu zilikuwa zikihama milimita kadhaa katikati ya bango, nami nililaumu programu. Waya bapa unaoleta hesabu za enkoda, kihisi kinachohesabu hatua za mwendo wa mashine, ulikuwa umefungwa pamoja na nyaya za mota, hivyo kila mapigo ya mota yalisomeka kama hatua ya ziada. Waliutenganisha, wakavisha pete za feraiti (pete za sumaku zinazopunguza kelele kwenye waya) karibu na bodi, na waya wangu wa USB wa mita 5 wakaubadilisha kwa wa mita 1.5 wenye kinga ya chuma. Picha hazijahama tena.

Nilitaka kununua stebilaiza, wakanizuia. Stebilaiza hurekebisha volti zinazopanda au kushuka polepole. Mruko unaodumu kwa sehemu ndogo ya sekunde huwa umekwisha kupita kabla rilei yake (swichi inayoendeshwa na umeme) haijasogea. Walinionya pia nisiichomeke printa ya leza kwenye UPS (kifaa cha betri kinachoshika umeme unapokatika) moja na kompyuta, kwa kuwa hita yake huvuta mkondo mkubwa kwa vipindi. Na radi inaponguruma ziwani, tunachomoa plagi zote pamoja na USB, kwani hakuna kifaa cha dukani kitakachoizuia radi inayopiga karibu.

Kasoro zipo. Niliahidiwa siku nne, nikasubiri tisa, na kwa duka la mabango siku tano ni wateja waliokwenda kwingine. Gharama ya kufika dukani sikuambiwa mpaka siku ya malipo. Pete moja ya feraiti ilifungwa kwa gundi hafifu ikaanguka mwezi wa pili, ingawa waliirudisha bila malipo. Kubwa zaidi, hawakunipa orodha ya maandishi ya vipuri walivyoweka; niliyoyaandika hapa niliyanakili mwenyewe nikiwa nimesimama kando ya meza yao. Atakayekwenda huko aombe orodha hiyo kabla ya kulipa, aulize nauli mapema, na apige picha ya bodi kabla na baada ya kazi.

Nililipa jumla ya shilingi 140,000, ethi ikiwa kando. Bodi mpya ingenigharimu mara kadhaa ya hizo. Mashine ya pili, ile ya kukatia stika, nitawapelekea mwezi ujao.