Banda la mpira la Majengo, Dodoma: nendeni mkasome ubao

Mbukwenyi wana Dodoma. Mabanda ya kuonyesha mpira mjini hapa ni mengi, na mengi yanafanana: projekta, turubai, mabenchi na joto. Ninalolisifu leo liko Majengo, mtaa wa nyuma ya soko, na halina hata jina mlangoni. Ukishuka kwenye boda ulizia banda lenye ubao, utaonyeshwa.

Ubao wenyewe ni ule mweusi wa darasani, umefungwa ukutani kushoto kwa skrini. Taifa Stars wakiwa na mashindano, mzee mwenye banda anaandika kwa chaki wachezaji wote walioitwa. Makipa wanakaa juu, wanafuata mabeki wa kulia, wa kati na wa kushoto, halafu viungo wakabaji, viungo washambuliaji, mawinga, na chini kabisa namba tisa. Mbele ya kila jina anaandika timu na nchi anakocheza. Haandiki mpaka TFF, shirikisho la mpira la nchi, watangaze. Zile orodha zinazozunguka WhatsApp siku mbili tatu kabla, kijana akimwonyesha kwenye simu anaambiwa, "Hiyo siyo ya TFF, mwanangu. Subiri."

Kinachonirudisha pale ni sheria yake moja. Ukilalamika kwamba fulani kaachwa, mzee anakupa kifutio. "Sawa, tumwite. Nani atoke?" Unatakiwa usimame mbele ya watu, utaje jina la kufuta na useme sababu, na nafasi unayoiacha itazibwa na nani. Nimeona wanaume waliokuwa wanapiga kelele dakika nzima wanashika kile kifutio, wanautazama ubao, wanakirudisha mezani. Wengine wanafuta kweli, na hapo ndipo mjadala mzuri unapoanza, maana ukimwondoa beki wa kushoto wa pili ili uongeze winga, mzee anauliza: wa kwanza akipata kadi nyekundu mechi ya ufunguzi, nani anacheza pale? Walioangalia AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, iliyochezwa Ivory Coast Januari 2024 hawacheki swali hilo. Novatus Miroshi alitolewa kwa kadi nyekundu dhidi ya Morocco, mechi yetu ya kwanza kabisa kwenye kundi, tukafungwa tatu bila.

Mitaani tunazungumza kikosi kana kwamba kocha anagawa zawadi. Fulani anastahili, fulani ameonewa, huyu kaitwa kwa sababu ni Yanga, yule kwa sababu ni Simba. Mbele ya ubao ule unaona hesabu inavyombana kocha. Misri mwaka 2019 nafasi zilikuwa 23, Ivory Coast zikawa 27, Morocco Desemba 2025 zikawa 28. Toa makipa watatu ambao ni lazima waende. Wanaobaki ndio ugawe katika nafasi kumi za uwanjani, ukiwaza majeruhi, kadi, na mechi tatu ndani ya siku nane au tisa. Mchezaji anayemudu beki ya kulia na katikati anampita aliye bora kidogo kuliko yeye ila anacheza nafasi moja tu. Siyo dhuluma, ni hesabu.

Kuhusu makipa sina budi niseme zaidi, maana nilidaka UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, kabla sijawa fundi cherehani. Watu wakisoma orodha wanaruka mistari mitatu ya juu. Pale bandani hairukwi. Mzee ananiita kabisa: "Fundi, kipa wa tatu unamwonaje?" Kipa wa tatu huenda asicheze hata dakika moja, lakini ndiye anayepigiwa mashuti baada ya wenzake kumaliza mazoezi, na wa kwanza akiumia na wa pili akitetereka, nchi nzima iko mikononi mwake. Kocha anachagua: ampe kijana ajifunze, au mkongwe atakayetuliza chumba. Mimi naamini achukuliwe anayecheza kila wiki kwenye klabu yake, hata klabu ikiwa ndogo. Kipa anayekaa benchi msimu mzima macho yanapoteza kipimo cha mpira wa juu, na hilo mazoezi hayalirudishi. Kuna baba mmoja pale, dereva wa lori, hakubaliani nami hata kidogo. Tumebishana mpaka tukapeana namba za simu.

Ubao wa AFCON ya Morocco ndio bora nilioushuhudia. Miguel Gamondi alikuwa amekabidhiwa timu Novemba 2025, mwezi mmoja tu kabla ya mashindano, na kwa kuwa aliwahi kuinoa Yanga, nusu ya banda ilishaamua atabeba wa kwake. Mzee akawaambia wahesabu wenyewe ubaoni kabla ya kusema. Vijana walikuwa na kesi nyingine: Simon Msuva afutwe, umri umekwenda. Mimi niliinuka kumtetea, kwa sababu alifunga dhidi ya Kenya 2019, akafunga dhidi ya Zambia Ivory Coast, na mchezaji anayejua kufunga kwenye fainali hizi hatuna wengi. Hakufutwa. Mechi ya Uganda akafunga penalti, ikaisha moja moja, na wale vijana walikuja wenyewe kunipa mkono.

Kisha Charles M'Mombwa. Wengi bandani hawakuwa wamewahi kumwona akicheza. Ubao ulisema kiungo, na mzee akaeleza kwamba amekulia Australia na mpira wake ameuanzia huko. Wachache walinung'unika kwamba tunaacha watoto wa ligi yetu tunachukua wageni. Siku ya Nigeria, mara baada ya mapumziko, M'Mombwa akasawazisha. Lookman alitufunga la pili muda mfupi baadaye, tukapoteza mbili kwa moja, lakini dakika zile mbili banda lote lilikuwa linaimba jina ambalo jana yake walikuwa wanalisoma kwa shida. Natamani makocha wetu waendelee kuwatafuta walioko nje bila haya. Mtoto wa Kitanzania ni wetu popote alipokulia.

Feisal Salum alisawazisha dhidi ya Tunisia, pointi mbili zikatosha kutuvusha kati ya timu bora zilizoshika nafasi ya tatu kwenye makundi, na kwa mara ya kwanza tukaingia hatua ya mtoano. Morocco wakatutoa kwa bao moja la Brahim Díaz. Usiku ule hakuna aliyeomba kifutio.

Wakati wa CHAN, Agosti 2025, mzee aliandika orodha mbili bega kwa bega: waliochaguliwa, na wale ambao kanuni inawakataa kwa kuwa hawachezi ligi ya nyumbani. Mashindano yale ni ya wanaocheza ligi za ndani tu, kwa hiyo Samatta, Msuva na Novatus walikaa upande wa pili. Ilisaidia sana. Maswali ya "Samatta yuko wapi?" yaliisha siku ya kwanza, watu wakageukia kuuliza nani atafunga kama Samatta hayupo. Clement Mzize akajibu kwa mabao mawili dhidi ya Madagascar.

Wazee wanakaa mstari wa mbele kulia, karibu na feni. Mada ikiwa nyepesi waulizeni AFCON ya 1980, Lagos, na bao la Peter Tino kule Ndola, Zambia, lililotupeleka. Watawatajia kikosi kizima kwa namba za mgongoni.

Sasa huduma. Kiingilio mechi za Stars ni shilingi 1,000, za ligi ya Uingereza 500. Picha ni safi, sauti inatosha. Umeme ukikatika jenereta inawaka upesi, ila moshi unaingia ndani kwa sababu imewekwa karibu mno na dirisha la nyuma; mzee aisogeze. Mabenchi hayana egemeo, mwenye mgongo mbovu awahi viti vya plastiki, viko vichache. Choo ni kimoja, cha kuchangia na duka la jirani, na muda wa mapumziko foleni inakula mpaka dakika ya hamsini. Nje kuna mama anayeuza chai ya tangawizi, maandazi na karanga, na kijana wa mishkaki ambaye nyama yake ni laini kweli. Juni na Julai chukua sweta, upepo wa Dodoma unapenya mabati bila hodi.

Kwa akina dada: nimekaa pale usiku bila bughudha. Mzee hauzi pombe na hataki matusi. Mtu akitukana mchezaji au jirani yake anarudishiwa elfu yake na anatoka. Mechi ikiisha usiku kuna bodaboda wawili watatu anaowafahamu, anawaita mwenyewe mlangoni. Hilo peke yake lingenitosha kulipendekeza banda hili.

Kasoro inayoniuma ni nyingine. Julai 2025 Twiga Stars, timu yetu ya taifa ya wanawake, walikuwa Morocco kwenye WAFCON, yaani AFCON ya wanawake, mara ya kwanza tangu 2010, na ubao ulibaki mtupu. Mechi ya Afrika Kusini ilionyeshwa, watu tulikuwa tunajaa benchi mbili, Opa Clement akafunga tukatoka sare ya moja moja, na hapakuwa na jina lake popote ukutani. Nilimuuliza mzee, akasema hakuna aliyemuulizia orodha. Nikamwambia mimi namuulizia. Orodha ya wanawake nayo inabishaniwa vilevile: wako wanaocheza nje, wako wa Ligi Kuu ya Wanawake, makipa ni watatu, nafasi hazitoshi. Wasichana wa sekondari za hapa mjini wanaopita na jezi zao jioni wakiona majina yale kwa chaki, watasimama kuyasoma.

Twiga Stars wamefuzu tena kwa WAFCON ya 2026. Nampa mzee nyota nne leo. Ya tano ataipata siku kikosi chao kitakapopanda ubaoni, makipa wote watatu, na kifutio kiwe mezani kama kawaida, maana kwa kipa wa tatu nina neno na yule dereva wa lori.