Bustani ya Amani, Muheza: nyota 4, na mtembeza wageni ni lazima

Watu wa Unguja ukiwambia bustani akili zinaenda Forodhani, mabenchi na urojo. Amani siyo hiyo, huko ni mlimani Usambara, kama mita 900 juu, msitu mzito na miti ambayo Wajerumani walianza kuipanda 1902 walipofungua kituo chao cha utafiti wa kilimo, wakawa wanaleta mbegu za kila nchi wajaribu ipi itaota huku iwape faida. Sasa ukizunguka wenyewe bila mtembeza wageni utaona miti mirefu tu, shingo ikuume, urudi zako.

Wetu alikuwa kijana wa hapo hapo kijijini, mashallah anajua. Akatuonesha mti wa kwinini, magamba yake ndo Wajerumani walitengenezea dawa ya malaria vita vya kwanza maana njia ya baharini ilikuwa imefungwa, na Waingereza nao walivokuja baadae pakawekwa kituo cha utafiti wa malaria. Mdalasini tulinusa, karafuu pia ipo lakini jamani msije mkampeleka Mpemba kilomita zote hizo kumuonesha karafuu.

Mti ulonishangaza mimi ni msizi. Umeletwa tu kupandwa, ndege hondohondo wakayapenda matunda yake, wanakula wanaruka wanakunya mbegu msituni, saivi umejaa kila pahala unaibana miti ya asili! Na mbega wa kule ni weusi na weupe, si wekundu kama kima punju wetu wa Jozani.

Halafu kuna yale maua madogo ya zambarau, Saintpaulia, wazungu wanayaweka kwenye vyungu madirishani na kumbe kwao ni milima hii ya Usambara na ya jirani. Jina wamepewa 1893, la Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire alopeleka mbegu Ulaya. Yanaota kwenye nyufa za mawe penye kivuli na maji maji, majani yana vinyweleo laini, ukienda mbio mbio unayapita.

Nyota moja nimeikata kwa sababu ya gari, siyo bustani. Tulokodi Tanga mwenyewe katuapia inapanda, kufika kwenye kona za juu na tope ikawa inaserereka tu, tukashuka tukasukuma na mabuibui yetu. Kodini gari ya juu, mchukue na sweta, na iliki nunueni kwa wanakijiji mkiwa mnashuka.