TAHADHARI: Wauzaji wa "dawa ya kuzima mikroglia" kwa wenye ganzi na miguu kuwaka moto

Wenye kisukari, mliopona mkanda wa jeshi maumivu yakagoma kuondoka, na nyie wa mgongo: kuna watu wanawawinda WhatsApp. Wanauza vidonge vya kopo jeupe lisilo na jina la mtengenezaji wala namba ya usajili. Pesa unatanguliza kwa simu, mzigo unakuja na basi. "Dokta" wao anatuma picha ya seli na sauti ndefu: dawa inazima mikroglia kwenye uti wa mgongo, ndani ya wiki mbili umepona.

Wanawanasa watu kwa sababu nusu ya maneno ni kweli. Mshipa wa fahamu ukijeruhiwa, mikroglia, yaani seli za ulinzi zilizomo kwenye uti wa mgongo, huamka na kumwaga protini iitwayo BDNF. Hiyo hudhoofisha KCC2, pampu ya kutoa kloraidi nje ya neva. Kloraidi (chembe za chumvi) ikirundikana, GABA, kemikali ya mwili ya kutuliza neva, inashindwa kutuliza, ndiyo maana shuka likikugusa tu unaruka. Ila hayo yameonekana kwa panya. Tena utafiti wa 2015 ulikuta panya jike hawategemei mikroglia kupata maumivu hayo. Na wateja wa huyu bwana wengi ni akina mama!

Shangazi yangu ana kisukari, naye alizimeza. Wiki ya kwanza alifurahi, hata goti likaacha kuuma. Baadaye uso ukavimba, sukari ikapanda. Daktari akashuku vidonge vimefichwa steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe. Janja hii si ngeni: mwaka 2022 FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilitoa onyo kuhusu Artri King, bidhaa ya viungo iliyokutwa na deksamethasoni (steroidi) na diklofenaki (ya maumivu) ambazo hazikuandikwa kwenye lebo. Steroidi hupandisha sukari, na sukari ndiyo inayoua hiyo mishipa.

Kama umeshazimeza kwa wiki kadhaa, usiache ghafla. Tezi za adrenali, zile za juu ya figo zinazotengeneza steroidi ya mwili wenyewe, zinaweza kuwa zimelala, na hilo ni hatari. Nenda hospitali na kopo lenyewe. Huko kuna dawa za maumivu ya neva kama amitriptilini, gabapentini, pregabalini au duloksetini. Zinapunguza maumivu, si kwa kila mtu, na dozi hupandishwa taratibu. Hakuna daktari wa kweli atakayekuahidi wiki mbili.

Mlio Tanzania, waripotini TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na msifute meseji za muamala. Namba za simu wanabadilisha kila mara, picha ya seli ni ileile.