Bukavu: ziwa zuri, lakini uliza jile kwanza

Jile, yaani jaketi za kuokolea majini, zilikuwepo. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Zilikuwa chini ya ubao wa kukalia, rangi ya chungwa, nyingine bado zimo ndani ya nailoni ya dukani. Tulikuwa tumekwisha kuacha ufuko wa Ziwa Kivu nilipoomba mbili, na kijana wa mtumbwi wa moteri akanijibu bila haya: "Mama, hizi ni za wazungu. Ninyi mnajua maji."

Mimi natoka Uvira. Nimepanda milima ya Ngomo na vumbi lake lote ili mtoto atembee wakati wa likizo, nimelipa kwa dola kama mgeni yeyote, halafu ikifika zamu ya jile nageuka mwenyeji! Nikamwambia basi mvalishe mtoto tu. Akamgeukia mwenzake, wakacheka.

Mbele ya mtaa wa Muhumba moteri ikazima. Upepo wa alasiri ulikuwa umeanza. Akavuta kamba wee, kimya. Akafungua buji, ile plagi ya moteri, akaifuta kwa pindo la shati, akaipuliza, akairudisha, akavuta tena. Maji yenye petroli yanacheza miguuni, mtoto kashika kitenge changu kwa mikono miwili. Hapo sikuomba tena ruhusa: nikachana nailoni, nikamfunga mwanangu jile. Unajua alichosema? "Ikilowa, utailipa."

Jile. Isilowe.

Na huyu anafanya kazi kwenye ziwa lilelile ambako Oktoba 2024 meli iliyotoka Minova ilizama karibu kabisa na bandari ya Kituku, pale Goma, watu wakiitazama. Sijui anahitaji kuona nini zaidi. Tulivutwa na wavuvi hadi ufukoni, na pesa yangu hakurudisha hata faranga.

Kwa hiyo msiende. Ndivyo nilivyotaka kuandika, nikaishia hapo.

Lakini nikisema Bukavu ni mbaya nitakuwa mwongo. Mji uko karibu mita 1,500 juu ya bahari, hakuna joto letu la Uvira. Hata majira ya mvua unapata nusu siku ya jua la kutembea. Kivu haina mamba wala kiboko, watoto wanajitupa majini wakipiga kelele, wakati sisi kwetu Ziwa Tanganyika tunaangalia maji mara mbili kabla ya kunawa. Sambaza, vile visamaki vya Kivu, za kukaanga zilikuwa moto, zinavunjika mdomoni, na mama aliyetuuzia alimwongezea mtoto bure. Jioni wavuvi wanatoka na ile mitumbwi yao mitatu iliyofungwa pamoja, wanapiga makasia wakiimba. Sikutaka kufurahi, nilikuwa bado nimekasirika, nikafurahi.

Mtoto ameshaanza kuniuliza tutarudi lini. Tutarudi kiangazi, nafikiri. Jile nitanunua Uvira, na nitapanda nikiwa nimeivaa, wacheke watakavyo. Yule kijana, hata akinibeba bure, sipandi.