Gari la umeme: mota haina neno, kero ziko kwenye vikorokoro

Tathmini nyingi za magari ya umeme huishia kwenye jinsi gari linavyochomoka na ukubwa wa skrini yake. Hayo ni mambo ya wiki ya kwanza. Gari likishazoeleka, mota hata huikumbuki: haina plagi za kubadilisha, haina mkanda wa taimingi, haina ekzosi ya kutoboka. Kwa upande huo gari la umeme linastahili sifa zote linazopewa. Kinachochosha ni vile vinavyolizunguka, yaani kebo, soketi, betri ndogo ya volti 12, programu za simu na tairi. Tathmini hii ni ya hivyo.

Kero kubwa kuliko zote ni kebo inayokuja ndani ya buti, ile yenye kiboksi katikati na plagi ya kawaida ya nyumbani. Wauzaji huitaja kana kwamba inamaliza shida ya kuchaji. Haimalizi. Kwa umeme wa volti 230 na ampea 10, inavuta kilowati 2.3 ukutani. Humo gari lenyewe linakula wati mia mbili au tatu kwa ajili ya pampu ya kupozea na kompyuta zake, nyingine zinapotea kwenye kibadilisha umeme, na kinachofika kwenye betri ni chini kidogo ya kilowati 2. Betri ya uniti 60 ukiitoa asilimia 20 hadi 80 unahitaji uniti 36, kwa hiyo hesabu saa 19 hivi. Chaja ya ukutani ya ampea 32 inaifanya kazi hiyo hiyo kwa saa tano na nusu, tena kwa hasara ndogo zaidi, kwa sababu zile wati za pampu na kompyuta zinaliwa kwa muda mfupi. Anayetembea kilomita 40 kwa siku anaweza kuishi na kebo ya buti. Anayetembea 150 atachoka nayo mapema.

Polepole ni nusu tu ya tatizo. Nusu ya pili ni joto. Soketi za nyumbani zimezoea birika la maji linalochemka dakika chache, hazijazoea mzigo uleule usiku kucha. Skrubu ya ndani ikilegea, au bati likiingia weusi, mahali pale hujitokeza ukinzani mdogo. Tuseme ni omu 0.1 tu. Kwa ampea 10 hiyo ni wati 10 za joto katika sehemu ndogo kuliko kidole gumba; kwa ampea 16 zinapita 25. Plastiki inageuka rangi ya kahawia, inatoa harufu kama ya samaki, na kisha inayeyuka. Ndiyo maana kebo nzuri huwa na kihisi joto ndani ya plagi, na ndiyo maana unaamka asubuhi ukakuta chaji imekatika katikati ya usiku wakati umeme haukukatika. Watu wanailaumu kebo, kumbe imefanya kazi yake.

Kipimo rahisi: anza kuchaji, rudi baada ya saa moja, gusa plagi. Uvuguvugu ni sawa. Ukishindwa kuishika kwa starehe, chomoa na uite fundi umeme. Dawa yake ni laini ya peke yake kutoka kwenye bodi kuu, isiyopitia soketi nyingine hata moja: waya wa milimita mraba 2.5 kwa ampea 16, milimita mraba 6 kwa ampea 32 (na kubwa zaidi kama njia ni ndefu), breka yake, na swichi yake ya kukata umeme unaovuja. Hapo kwenye swichi mafundi wengi wanateleza. Gari la umeme linaweza kuvujisha mkondo mnyoofu (DC, kama wa betri), na swichi ya kawaida ikikutana nao hupofuka, haioni tena hatari nyingine. Inatakiwa ya aina ya B, au ya aina ya A pamoja na chaja yenye kinga ya ndani ya miliampea 6. Muulize fundi atafunga ipi kabla hajatoboa ukuta. Na ekstensheni? Afadhali usitumie. Ukilazimika, iwe ya waya wa 2.5 na uifungue yote mpaka mwisho, kwa sababu ikibaki imeviringwa joto halina pa kutokea.

Kuna na ile taa nyekundu kwenye kiboksi inayokuja hata kabla ya kuchomeka gari. Mara nyingi inasema jambo moja: hakuna ethi, yaani waya wa kupeleka ardhini umeme unaovuja. Chaja hupima ethi kabla ya kuruhusu umeme, na nyumba nyingi za zamani soketi zina tundu la ethi lisilo na waya nyuma yake. Jenereta na baadhi ya inveta huleta shida ileile kwa sababu nyutro yake haijaunganishwa na ethi popote, kwa hiyo chaja haioni njia ya kurudi. Kazi hiyo ni ya fundi anayejua. Adapta zinazouzwa mtandaoni za “kuidanganya” chaja zinaondoa kitu pekee kinachokulinda siku ambayo bodi ya gari itapata umeme.

Vituo vya chaji ya haraka vinahitaji uvumilivu wa namna nyingine. Kwenye bango imeandikwa kilowati 150, kwenye skrini unaona 48, na unahisi umeibiwa. Fanya hesabu kwanza. Kituo hutoa ampea, na volti zinaamuliwa na betri yako. Mashine yenye kikomo cha ampea 125 ikikutana na betri ya volti 370 inatoa kilowati 46 na nukta, hata kama bango lake linasema 50. Magari mawili yakichaji kwenye kabati moja, mara nyingi yanagawana. Betri baridi hukataa mkondo mkubwa ili isiharibike, na kupita asilimia 80 kasi huporomoka kwa gari karibu lolote. Kwa hiyo safari ndefu huenda haraka zaidi ukichaji kutoka 10 hadi 80 mara mbili kuliko kusubiri 100 mara moja. Kama gari lako linaweza kupasha betri, weka kituo kama mwisho wa safari kwenye ramani ya gari lenyewe, si ya simu. Bila hivyo halijui kuwa linaenda kuchaji.

Mashine ikigoma, usianze kubonyeza kila kitu. Chaji ikifeli mara tu baada ya kuchomeka, sababu ya kawaida ni uzito wa kebo: inaning'inia, inavuta kichwa cha plagi chini, pini hazikai sawa. Inua kichwa kwa mkono, sukuma mpaka ndani, endelea kukishikilia mpaka usikie mlio wa kufuli na mashine imalize kupima usalama wa kebo. Ikifeli tena, chomoa, funga gari, subiri kama dakika moja mpaka vifaa vyake vilale, kisha anza upya. Ya tatu, hamia mashine ya jirani. Malipo ndiyo balaa lenyewe. Kila kampuni ina programu yake, kila programu inataka usajili, na usajili unataka intaneti mahali pasipo na mtandao. Pakua na ujisajili ukiwa nyumbani, na kama kampuni inatoa kadi ya kugusisha, ichukue.

Kabla ya kununua gari lililotumika, tazama aina ya tundu lake la chaji. Gari lililotengenezwa kwa soko la Japani kwa kawaida huja na CHAdeMO, la soko la China na GB/T, la soko la Ulaya na CCS ya Aina ya 2. Adapta za chaji ya polepole ni rahisi kupata na hazina makuu. Za chaji ya haraka ni ghali, nzito, na zina programu ndani yake inayohitaji kusasishwa.

Sasa betri ya volti 12, ambayo muuzaji haitaji kabisa. Betri kubwa inaweza kuwa imejaa asilimia 90 na gari lisifunguke mlango, kwa sababu kompyuta, kufuli na swichi kubwa zinazounganisha betri kuu zote zinaamshwa na hii ndogo. Kwenye gari la mafuta stata huanza kuzubaa, unajua betri inakaribia kufa. Hapa hakuna stata, kwa hiyo dalili zinakuja ovyo: taa za tahadhari tano kwa mpigo, redio inajizima, programu ya simu haipati gari. Kinachoiua ni kuamshwa mara kwa mara. Kila ukifungua programu kuangalia chaji, gari linaamka. Kamera za ulinzi zikiwashwa zinaweza kula wati 250, na kwa siku nzima hizo ni uniti 6 kutoka betri kuu.

Kama ni betri ya asidi, pima kwa mita baada ya gari kulala saa kadhaa: volti 12.6 ni nzima, 12.2 iko nusu, chini ya 12 anza kutafuta nyingine. Ikizima kabisa, unaweza kuibusti kwa betri ya nje, maana inahitaji mkondo mdogo tu wa kuamsha kompyuta. Usifanye kinyume chake. Kubusti gari la mafuta kwa kutumia la umeme kunaweza kuchoma kibadilisha volti, na kipuri hicho si cha bei ya betri. Soma pia, leo, boneti inafunguliwaje bila umeme. Kwenye baadhi ya magari njia hiyo imefichwa mahali pa ajabu.

Namba ya kilomita zilizobaki kwenye dashibodi usiiamini. Inakisia kutokana na ulivyoendesha hivi karibuni, kwa hiyo ukitoka mjini kwenda barabara kuu inakudanganya kwa nia njema. Tumia wastani wa uniti kwa kilomita 100. Gari linalokula 16, likiwa na uniti 58 zinazotumika, lina kilomita 360. Kati ya asilimia 80 na 10 ni 250. Kwenye mwendo wa 120 au heta ikiwa juu, punguza tena.

Plagi ikigoma kutoka, fungua milango kwa rimoti mara mbili, sukuma plagi ndani kidogo ili kipini cha kufuli kipate nafasi, kisha vuta. Ikishindikana, magari mengi yana kamba ya dharura nyuma ya pazia la buti au chini ya boneti.

Tairi huisha haraka kwa uzito na nguvu za kuondoka, na zikibadilishwa ziwe na namba ileile ya kubeba mzigo au zaidi. Spea mara nyingi haipo, unapewa chupa ya dawa ya pancha, isiyosaidia kitu tairi ikipasuka ubavuni. Fundi wa tairi asiyejua ataweka jeki chini ya betri. Muoneshe alama za kuinulia kabla hajaanza. Na gari likikwama, libebwe juu ya gari la kubebea. Likivutwa magurudumu ya mota yakigusa lami, mota inazalisha umeme ambao hakuna anayeuongoza.

Diski za breki nazo hushika kutu, hasa za nyuma, kwa sababu mota ndiyo inayopunguza mwendo. Mara moja kwa wiki, barabara ikiwa tupu, weka gia ya N na ukanyage breki kwa nguvu mara tatu au nne kutoka mwendo wa 60. Ule mkwaruzo utakaousikia ni kutu ikitoka. Ukiendelea kuusikia wiki baada ya wiki, fungua magurudumu uangalie pini za kalipa.