Lenzi ya ndege isiyoshika fokasi, na muuzaji aliyenijibu jeuri

Naandika nikiwa bado na hasira, mnivumilie. Nilitaka lenzi ya bei nafuu ya kuanzia kupiga picha za ndege. Sikutaka mizinga ile inayobebwa na watu wazima, bali lenzi ya kuvuta ya 70-300mm ya kawaida tu, ambayo kwenye kamera yenye sensa (kile kinachonasa picha) ndogo kama yangu inakusogezea ndege kama 450mm. Kwa anayeanza inatosha kabisa, na hapo sibishani na mtu.

Kamera yangu ni Nikon D3500. Dukani niliitaja. Nikaitaja tena. Mwishowe nikaitoa kwenye begi nikaiweka juu ya kaunta, nikauliza wazi: "Hii itashika fokasi yenyewe?" Kijana wa watu akasema, "Bosi, inaingia hiyo, wasiwasi wa nini?"

Kuingia iliingia. Kushika ndiyo haikushika. Nabonyeza kitufe nusu, nasubiri kusikia mota, kimya. Napekua menyu, nafuta vile viunganishi vya dhahabu, kimya. Nikaichomoa nikaigeuza. Pale nyuma, kwenye duara la chuma, kuna kijitundu, na ndani yake kichwa cha skrubu chenye mfereji. Skrubu hiyo inangoja kuzungushwa na kijino kinachochomoza kwenye kamera. Nikon D90 wanacho, D7200 wanacho, pamoja na mota ya kukisukuma. D3500 haina, wala kamera nyingine za ukoo wa D3000 na D5000. Na lenzi nayo haina mota yake. Kila mmoja anamngoja mwenzake aanze.

Nikarudi. Hapo ndipo damu ilipochemka. Yule kijana hakuinua hata macho kutoka kwenye simu. "Bosi, wataalamu wanatumia mkono. Otofokasi ni ya wavivu." Mwenzake akacheka. Nikaomba wanibadilishie, hata kwa kuongeza pesa, nikaambiwa haiwezekani kwa sababu boksi limeshafunguliwa. Sasa ningejuaje kwamba haishiki fokasi nikiwa sijafungua boksi? "Ndiyo utaratibu, bosi." Bosi, bosi, huku amenipa mgongo!

Na hilo la mkono, aliyewahi kumfukuza mbayuwayu kwa kamera anajua ni upuuzi mtupu. Ukivuta hadi 300mm eneo linaloonekana kali ni jembamba mno, na pete ya fokasi ya lenzi hizi za bei nafuu ni nyepesi, ukiigusa tu umeshapita. Unapanga kasi ya 1/2000 ya sekunde ili mabawa yagande, nayo yanaganda vizuri sana, ndani ya ukungu.

Haya, niwe mwungwana kidogo, maana lenzi yenyewe haikunitukana. D3500 ina kidoa cha kijani chini kushoto kwenye kidirisha cha kuchungulia, na kinawaka fokasi ikifika hata kama unazungusha kwa mkono. Kwa kukitegemea hicho nilimpata yangeyange amesimama majini, shingo ameikunja, ananyatia samaki. Ndege wa namna hii ni zawadi kwa mwanafunzi, anaweza kukaa hatikisiki mpaka wewe ndiye uchoke. Nikafunga tundu la lenzi hadi f/8, kwa sababu lenzi hii ikiachwa wazi kwenye 300 inatoa picha laini laini. Nilipoikuza kwenye kompyuta nikaona nyuzi za manyoya zimeachana moja moja, na tone la maji limening'inia kwenye ncha ya mdomo. Nilikaa naiangalia kama mjinga. Siku hiyo ningeipa lenzi nyota nne, na karibu nimsamehe hata yule kijana.

Halafu mwewe akapita juu yangu, chini kabisa, mkia ameutandaza, jua linampiga tumboni. Nina picha zake nyingi. Zote ni doa la kahawia. Nyota moja basi, na hiyo moja ni ya yangeyange.

Kwa anayeanza na ana Nikon ya daraja langu: soma herufi kwenye lenzi, usisome uso wa muuzaji. AF-S na AF-P zina mota ndani. Iliyoandikwa AF peke yake iache hata ukiona bei inakuchekea. Na AF-P nayo ina masharti yake, kwani kamera za zamani kama D90 haziiwezi. Wenye Canon hawana shida hii, mota iliwekwa ndani ya lenzi tangu mfumo wao wa lenzi wa EF ulipoanza mwaka 1987. Nawaonea wivu, ingawa sitabadilisha kamera kwa ajili ya hasira za mtu mmoja. Pengine.

Je, nashauri mtu ainunue? Mwenye D7200, ndiyo, bila kusita, hiyo tofauti ya bei na lenzi yenye mota aiweke akiba. Mwenye kamera kama yangu, hapana. Isipokuwa awe anawapenda sana yangeyange.

Yangu nitaiuza nikishatulia. Anayeitaka aje na kamera yake, tuifunge, abonyeze, aisikie ikizunguka kwa masikio yake kabla hajatoa hata senti. Boksi limeshafunguliwa.