Banda la kuku nyuma ya nyumba: lipi ununue, lipi uliache

Kuku 15 wa kienyeji au chotara, uwanja mdogo nyuma ya nyumba, na mfuko usioruhusu kujenga mara mbili: huyo ndiye mnunuzi ninayemwandikia. Mwenye kuku 500 ana hesabu zake nyingine.

Mchana kuku wa nyumbani hujitafutia. Kunguru na mwewe watakula kifaranga, nguchiro atajaribu bahati yake, lakini kuku mkubwa ana mbio na wewe una macho. Hasara ya kweli hutokea usiku, kuku akishapanda kichanja na giza likamfunga macho. Hapo ndipo wanapokuja kicheche, kanu, fungo, panya, chatu, siafu, na binadamu mwenye kiroba. Kwa hiyo mabanda haya nimeyapanga kwa kuuliza kwanza kama yanavuka usiku salama, kisha kama yana hewa. Bei nimeiweka ya tatu.

Anza na wavu

Ukisema dukani "nipe wavu wa kuku", utapewa ule mwembamba uliosukwa wenye matundu ya pembe sita. Unafaa kumzuia kuku asiingie kwenye mchicha. Kumzuia mnyama mwenye njaa, hapana. Waya wake hukatika kwa meno, na uzi mmoja ukishaachia, tundu hupanuka kwa kusukumwa tu. Ule wenye matundu makubwa una ubaya mwingine: kuku hulala akiwa ameuegemea, na kanu ana mkono mwembamba. Asubuhi unamkuta kuku yumo ndani, kichwa hana, na banda halijavunjwa popote. Mtaa mzima utasema uchawi.

Omba wavu wa kuchomelewa wenye matundu ya nusu inchi, ambao mafundi wengi huuita kofi trei. Hapo panya mkubwa hapiti, wala nyoka mwenye unene wa kumeza kuku. Kipanya kidogo kinaweza kupenya, ila hicho kinafuata pumba, hakina haja na kuku. Huuzwa kwa roli, na maduka mengi hukata kwa mita. Kabla ya kulipa, kunjua kidogo ubonyeze maungio kwa kidole gumba: yasiachie, na zinki iwe imeyafunika. Ni ghali kuliko ule wa pembe sita, na hapa ndipo nasema usibane. Bana kwenye rangi.

1. Banda la kuinuliwa, la mbao, analolijenga fundi hapohapo nyumbani

Kwa pwani na kote kwenye joto, hili ndilo la kwanza na sioni mjadala. Sakafu ikae kama mita 1 juu ya ardhi. Hewa inapita chini yake, maji ya mvua yakituama kuku hawana habari, na panya na siafu wamebakiwa na njia moja tu ya kupandia, yaani nguzo. Kila nguzo izungushie bati lililokunjwa kama koni, mdomo ukitazama chini. Panya akifika hapo anageuza. Siafu wakianza kutembea, funga kwenye nguzo matambara yaliyoloweshwa oili chafu.

Hesabu ya kuku 15 ni hii. Kuku wakubwa 5 wanataka mita 1 ya mraba, kwa hiyo unahitaji mita 3 za mraba: banda la mita 2 kwa mita 1.5. Mzunguko wake ni mita 7. Ukuta wa chini piga mbao, sentimita 40, na juu yake zungusha wavu wa upana wa futi 3. Hizo ni mita 7 za wavu. Sakafuni, sehemu iliyo chini ya vichanja tandika wavu huohuo juu ya fito za kuubeba, mita 2, ili kinyesi cha usiku kidondoke nje. Sakafu iliyobaki iwe ya mbao zilizobanana, umwage maranda. Nunua mita 10. Kipande kitakachobaki kitaziba uwazi chini ya paa, mahali ambapo mafundi wengi hupasahau na kanu hapasahau.

Vichanja: kila kuku sentimita 20, basi fito 2 za mita 2 zinatosha na kubaki. Zipigwe kimo kimoja, la sivyo kila jioni kuna ugomvi wa kugombea ya juu. Viota 3, kimoja kwa kuku 5, vya sentimita 30 kwa 30, na viwe chini kuliko vichanja. Ukiviweka juu, kuku watalala humo na mayai utayaokota yamejaa kinyesi.

Pande ndefu zitazame kaskazini na kusini, ili jua la asubuhi na la jioni lipige pande fupi. Paa lizidi ukuta kwa sentimita 60, mvua ya upepo isiingie. Bati la geji 30 linatosha. Ukiuziwa geji 32 kwa bei ya 30 umepunjwa, maana namba ikipanda bati linazidi kuwa jembamba. Makuti yana ubaridi mzuri kweli, ila utitiri na nyoka nao wanaupenda.

Adui wa banda hili ni mchwa. Nguzo ziwe za mbao zilizotiwa dawa, na shina lake likae kwenye zege. Walioko Njombe, Mbeya au Lushoto wateremshe mapazia ya viroba upande wa upepo wakati wa usiku, lakini waache uwazi juu. Kuku huvumilia baridi kuliko hewa nzito.

2. Banda la matofali lenye sakafu ya zege

Kama kiwanja ni chako na mtaa wako una wezi wa mifugo, chukua hili. Ukifikisha kuku 50 na kuendelea, linaipiku hata namba moja. Ukuta wa tofali uishie kama mita 1, juu wavu mtupu mpaka kwenye paa.

Tatizo ni kwamba watu wengi hulijenga kama chumba cha mpangaji, na kidirisha kimoja. Jaribio lake ni rahisi: ingia alfajiri, chuchumaa mpaka kimo cha kuku, uvute pumzi. Macho yakiwasha, kuku wako wamelala usiku kucha ndani ya hewa hiyo, na kukohoa kwao hakutaponywa na dawa ya dukani. Maranda yakae sentimita 5 hadi 10, yageuzwe mara kwa mara, na yaliyolowa yatolewe siku hiyohiyo, kwa sababu unyevu ndio unaoleta kuhara damu.

3. Banda la chuma la kuchomelea

La wapangaji. Siku ya kuhama unalipakia kwenye guta na kuku wako. Mwizi naye anaweza kufanya hivyohivyo, kwa hiyo lifunge kwa mnyororo kwenye kitu kisichoondoka. Mchana huwaka moto. Liweke chini ya mti au tandika makuti juu ya bati. Mchomeleaji mwambie mapema kwamba unataka kofi trei, la sivyo atakuwekea wavu wowote alionao.

4. Kibanda cha tayari, kinachouzwa kando ya barabara

Kinavutia, lazima nikiri: kimepakwa rangi, kina ngazi ndogo na kidirisha. Kiiname ukitazame kwa chini. Mara nyingi wavu ni wa pembe sita, na mlango umezuiwa na kipande cha mbao kilichopigwa msumari mmoja, kinachozunguka chenyewe banda likitikiswa. Muuzaji atakuambia kinabeba kuku 20. Toa futi yako. Cha mita 1.2 kwa sentimita 80 hakifiki hata mita 1 ya mraba, maana yake ni kuku 4, au 5 kwa kubanana. Kwa tetea na vifaranga vyake kinafaa sana. Kwa kundi zima, gharama ya wavu mpya na komeo la chuma uikate kwenye bei palepale, na akikataa, endelea na safari.

5. Keji

Hivi ni vizimba vya waya vya kufungia kuku, na vimetengenezwa kwa ajili ya kuku wa mayai wa kisasa. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku keji za mtindo wa zamani kuanzia 2012. Kuku wa kienyeji anataka kuchakura na kuatamia, na humo hawezi lolote kati ya hayo. Kwa nyuma ya nyumba, ziache.

Mabanzi na mabati chakavu sikuyapa namba, kwa kuwa huyanunui, unayaokoteza. Lakini fundi mwenye akili akiyavisha kofi trei kwa ndani, atakupa banda linalolishinda la namba nne kwa pesa kidogo.

Kabla ya kummalizia fundi pesa yake

Kubalianeni tangu mwanzo kwamba sehemu ya mwisho ya malipo itatoka baada ya ukaguzi. Ingia ndani saa saba mchana, mlango ufungwe, utafute mwanga unapopenya kwenye mbao, kwenye kona za mlango na pale paa linapokutana na ukuta. Panapopita kidole chako, panya atapatanua. Sukuma wavu kwa kiganja kutoka nje: usitoke kwenye mbao, na misumari yake ya umbo la U isipishane zaidi ya sentimita 10. Mlango uwe na makomeo mawili, la juu na la chini, na moja liwe na nafasi ya kufuli. Kufuli ununue mwenyewe, ubaki na funguo zote.